Msuli Ulioumia Hujengwa kwa Zamu

Mtu akishuka Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, wenye kimo cha karibu mita 2,960, siku hiyo hulalamikia zaidi vidole vya miguu vilivyokuwa vikigonga ncha ya kiatu. Mapaja hayajasema kitu. Kesho yake yanaanza kukaza, na kesho kutwa mtu mzima anashuka ngazi kinyumenyume huku ameshika ukuta. Wanaobeba viazi kutoka mashamba ya Umalila au Makete kushusha barabarani wanaijua hali hii vizuri, ila wao hawana nafasi ya kukaa na kujiuguza.

Kinachoumiza ni kushuka. Mtu anapopanda, msuli wa mbele wa paja hukaza ukifupika. Anaposhuka, msuli huohuo hufanya kazi ya breki: unakaza huku uzito wa mwili, na wa gunia kama lipo, ukiuvuta urefuke. Katika mvutano huo sehemu ndogondogo za ndani ya uzi wa msuli huachana, utando wa nje hupasuka hapa na pale, na kalsiamu iliyopaswa kubaki nje huingia na kuamsha vimeng'enya vinavyokatakata protini. Maumivu hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Wanaoilaumu asidi ya laktiki wanaisingizia. Yenyewe huwa imeshaondoka ndani ya saa moja au mbili baada ya kazi kuisha.

Baada ya kuumia huja ukarabati, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu kueleweka. Uzi mmoja wa msuli ni seli moja ndefu, yenye viini mamia. Viini hivyo havigawanyiki tena. Ufa ukiwa mdogo, uzi hujiziba wenyewe: protini iitwayo disferlini husaidia kuweka kiraka kwenye utando, na viini vya jirani husogea kuelekea kwenye jeraha ili kutoa malighafi ya kiraka papo hapo. Lakini kipande cha uzi kikifa kabisa, kama mchezaji anapopigwa goti kwenye paja katika Uwanja wa Sokoine, au gogo linapomwangukia mpasua mbao kule Mafinga, viini vilivyobaki haviwezi kuzaa vingine. Lazima fundi atoke nje ya uzi.

Fundi huyo alionekana mwaka 1961. Alexander Mauro, akiwa Marekani, alikuwa akitazama msuli wa chura kwa hadubini ya elektroni akaona seli ndogo zilizobanwa kati ya utando wa uzi na ala inayoufunika uzi kwa nje, mfano wa kijikaratasi kilichosahaulika kati ya kisu na ala yake. Akaziita seli setilaiti kwa sababu zilikaa pembeni. Hizi ndizo seli shina za msuli, yaani seli zinazoweza kujizidisha na kuzaa msuli mpya. Kwa mtu mzima ni chache, kama asilimia 2 hadi 7 ya viini vyote vinavyohesabiwa kwenye msuli, lakini uwezo wake hauendani na uchache huo. Mwaka 2005 watafiti walipandikiza uzi mmoja wa msuli wenye seli setilaiti zipatazo saba ndani ya msuli wa panya uliokuwa umeharibiwa, na hizo saba zikazaa nyuzi mpya zaidi ya mia moja. Mwaka 2011 makundi kadhaa yalifanya kinyume: yaliziua seli hizo kwenye panya kisha yakaujeruhi msuli. Msuli haukurudi. Pengo lilijaa kovu na mafuta.

Ukisikia hayo unaweza kudhani kadiri seli hizi zinavyochochewa ndivyo mtu anavyopona upesi. Sivyo. Ishara zinazoziendesha zina zamu zake, na ishara inayojenga siku ya nne inaweza kuharibu ikitolewa siku ya kwanza, au ikikataa kuzima siku ya kumi.

Tuanze na usingizi. Seli setilaiti kwenye msuli mzima haigawanyiki. Imelala, na usingizi huo unalindwa kila saa. Mlinzi wake mkuu ni njia ya mawasiliano iitwayo Notch. Juu ya uzi wa msuli kuna protini zilizochomoza, na juu ya seli setilaiti kuna kipokezi cha Notch. Vikigusana, kipokezi hukatwa, kipande chake cha ndani huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kubaki shina. Protini ya Pax7, ambayo ndiyo kitambulisho cha seli hizi, huendelea kutengenezwa. Watafiti wakiikata njia ya Notch kwenye panya, seli huamka bila jeraha lolote, nyingi hukomaa papo hapo bila kujizidisha kwanza, na ghala hukauka. Siku msuli ukiumia kweli, hakuna wa kuitwa.

Kuamka nako kuna ngazi zake. Ndani ya ala ya kila uzi kumehifadhiwa kichocheo kiitwacho HGF, kikiwa kimenata kwenye matundu ya ala, hakifanyi lolote. Msuli ukivutwa sana au ukichanika, hewa ya naitriki oksaidi hutengenezwa, vimeng'enya huilegeza ala, na HGF huachiwa. Hukaa kwenye kipokezi chake, c-Met, juu ya seli setilaiti, na ndani ya seli njia kadhaa huwaka kwa mpigo. Mojawapo, iitwayo p38, husukuma kutengenezwa kwa MyoD. MyoD ni protini inayoiambia seli "wewe sasa ni msuli". Ilipotambuliwa mwaka 1987, ilionekana kwamba jeni hiyo peke yake inaweza kugeuza seli za kawaida za tishu unganishi kuwa seli za msuli. Ni amri nzito, ndiyo maana mwili hauitoi ovyo.

Kuna jambo hapa linalonivutia kuliko mengine. Mguu mmoja ukijeruhiwa, seli setilaiti za mguu wa pili, usio na jeraha, nazo hutoka kwenye usingizi mzito na kuingia hali ya tahadhari. Hazigawanyiki, ila huvimba kidogo, huongeza mitokondria, na zikiitwa baadaye huitika haraka zaidi. Ishara husafiri kwa damu, na ndani ya seli hupitia njia ya mTORC1, ileile inayohusika na kupima kama mwili una chakula cha kutosha. Ni kama kijiji kinachosikia moto umezuka ng'ambo ya mto: hakuna aliyeinuka bado, lakini ndoo zimeshajazwa.

Kwa panya, mgawanyiko wa kwanza wa seli iliyolala huchukua zaidi ya siku nzima baada ya jeraha. Ya pili na ya tatu huja upesi zaidi. Katika mgawanyiko baadhi ya seli huzaa mapacha wasiofanana: mmoja anaelekea kuwa msuli, mwingine anarudi usingizini chini ya ala kujaza ghala. Nani awe nani huamuliwa kwa sehemu na upande aliokaa, aliyegusa ala au aliyegusa uzi. Bila mgawanyo huo mtu angepona jeraha la kwanza na la pili, na la tatu lingemshinda.

Kisha zamu inabadilika. Notch, iliyokuwa inaruhusu seli zijizidishe bila kukomaa, inapungua nguvu, na njia nyingine iitwayo Wnt inachukua usukani. MyoD huiachia kazi protini nyingine, mayojenini, seli huacha kugawanyika, hujipanga mstari na kuungana. Kuungana si kugusana tu. Tando mbili lazima ziyeyuke kuwa moja. Protini mbili, Myomaker iliyoelezwa mwaka 2013 na Myomixer mwaka 2017, ndizo zinazofanya kazi hiyo, na panya wasio nazo hawatengenezi nyuzi za msuli zenye viini vingi. Uzi mpya unatambulika kwa hadubini kwa viini vilivyopangana katikati badala ya pembeni. Kwa panya aliyejeruhiwa kwa makusudi nyuzi hizo huonekana karibu siku ya tano hadi ya saba, na baada ya wiki tatu au nne msuli hufanana tena na wa kawaida. Kwa binadamu ratiba ni ndefu zaidi, lakini utaratibu ni uleule. Wnt ikiwaka mapema, kabla seli hazijaongezeka vya kutosha, zinakomaa zikiwa chache na uzi unatoka mwembamba.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba seli shina na uzi wako peke yao. Hawako peke yao, na sehemu kubwa ya makosa ya tiba za mtaani hutokana na kuwasahau majirani.

Saa chache baada ya jeraha chembe nyeupe za damu aina ya neutrofili humiminika. Nyuma yao huja makrofeji. Makrofeji wa siku mbili tatu za kwanza ni wakali: wanakula mabaki ya nyuzi zilizokufa na kutoa TNF na vichocheo vingine ambavyo, pamoja na kuleta uvimbe na joto, huzisukuma seli shina zigawanyike. Baada ya hapo makrofeji haohao hubadili tabia. Wanaanza kutoa IL-10, IGF-1 na vingine vinavyohimiza seli zikomae na kuungana. Hivyo uvimbe wa siku za mwanzo ni sehemu ya ujenzi. Tatizo ni uvimbe usiokubali kuondoka.

Jirani mwingine anakaa katikati ya nyuzi. Ni seli zinazoweza kuwa kovu au mafuta, na wanasayansi huziita kwa kifupi FAP. Jeraha likitokea huongezeka haraka, hutandaza kolajeni ya muda kama jukwaa la mafundi, na hutoa vichocheo vinavyozilisha seli shina. Kazi ikiisha zinatakiwa zife, na TNF ya makrofeji wakali ndiyo inayoziua. Lakini kichocheo kingine, TGF-beta, huzikinga zisife. Msuli unaoumizwa upya kila baada ya siku chache huwa na makrofeji wa zamu zote mbili kwa wakati mmoja, TGF-beta haishuki, na jukwaa linabaki limesimama kama kovu. Kovu halikazi. Uzi ulio karibu nalo hubeba mzigo wake na wa jirani, na hapo ndipo mchezaji anachanika tena, palepale, msimu baada ya msimu.

Ukijua hayo, kuchua paja lililopigwa siku hiyohiyo kunaonekana kwa jicho jingine. Damu imevilia ndani ya msuli. Mchuaji anabonyeza kwa nguvu, anapaka dawa ya moto, mishipa midogo iliyokuwa imeanza kuziba inafunguka, na damu inaongezeka. Mara nyingine hutokea baya zaidi: vichocheo vya familia ya BMP huziambia seli za FAP ziwe mfupa, na wiki chache baadaye ndani ya paja kuna uvimbe mgumu unaoonekana kwenye eksirei. Wataalamu wa michezo kwa sababu hiyo hukataza kuchua, kukanda kwa maji ya moto na kulazimisha kunyoosha kwa saa 48 hadi 72 za mwanzo. Wanachofanya ni kukunja goti kadiri linavyokubali na kulifunga hivyo saa 24 za kwanza, ili msuli wa mbele wa paja ukae umevutika na damu isipate pa kujaa. Paja likizidi kukaza kama jiwe, au mguu ukifa ganzi au kubadilika rangi, bandeji ifunguliwe na mtu apelekwe hospitali usiku huohuo. Shinikizo ndani ya msuli linaweza kuua nyuzi nyingi kuliko pigo lenyewe.

Kosa la upande wa pili ni kulala kitandani wiki tatu. Ala na nyuzi changa hujipanga kwa kufuata mvuto. Pasipo mvuto nyuzi hukua ovyo, zimepinda, na kovu hutawala. Kwa mchaniko wa kawaida, kupumzisha kiungo siku tatu hadi saba kunatosha. Baada ya hapo huanzwa kukaza msuli bila kusogeza kiungo, kisha kusogeza bila mzigo, kisha mzigo mdogo, kila hatua ikiruhusiwa pale tu ile ya kabla haiumi. Kukimbia kwa kasi na kushuka milima huja mwisho, kwa kuwa hapo ndipo breki inapohitajika.

Na vidonge vya maumivu? Hapa majibu ya mkato hayafai. Prostaglandini E2, ambayo ibuprofeni na diklofenaki huizuia, ni mojawapo ya ishara zinazozisukuma seli shina zigawanyike. Kwenye utafiti mmoja vijana waliofanya mazoezi ya uzito wiki 8 huku wakimeza ibuprofeni miligramu 1,200 kwa siku waliongeza ukubwa wa msuli wa paja kwa asilimia 3.7, ilhali waliopewa aspirini ya dozi ndogo waliongeza 7.5. Lakini wazee wa miaka 60 na kuendelea, kwa kiasi hichohicho cha ibuprofeni na mazoezi ya wiki 12, walipata msuli na nguvu zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mwili wa mzee tayari una uvimbe mdogo wa kudumu unaopiga kelele muda wote, na dawa ikipunguza kelele, ishara halisi zinasikika. Kijana hana kelele hiyo; dawa inazima ishara yenyewe. Kwa hiyo kijana aliyeumia mapaja kwa kushuka mlima hana sababu ya kumeza diklofenaki siku tano mfululizo ili "apone haraka". Kidonge kimoja cha kumpa usingizi ni jambo jingine. Na aliyepungukiwa maji baada ya kazi ya kutwa awe mwangalifu zaidi, maana dawa hizi huzibana figo.

Uzee wenyewe unaleta vurugu nyingine kwenye zamu. Nyuzi za panya mzee hutoa kichocheo cha ukuaji kiitwacho FGF2 kupita kiasi hata pasipo jeraha, na seli setilaiti zinaamshwa kila mara hadi ghala linapungua. Notch inadhoofu, p38 inawaka kupita kiasi, na mgawanyo wa mapacha unavurugika. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba panya mzee akiunganishwa mishipa ya damu na kijana, seli zake za misuli huanza tena kuitikia jeraha. Habari hiyo ilizaa biashara ya kuuza damu ya vijana nchi za nje, jambo ambalo utafiti wenyewe haukuliruhusu. Ilichoonyesha ni kwamba sehemu ya uzee wa msuli iko kwenye mazingira ya seli, na mazoezi ya uzito, hata yakianzwa na mtu wa miaka 70, huongeza idadi ya seli setilaiti.

Wafugaji wa Rungwe huenda wamewahi kuona picha za ng'ombe wa Kibelgiji mwenye mapaja yaliyojaa kama magunia. Huyo hana mayostatini inayofanya kazi. Mayostatini, iliyotambuliwa mwaka 1997, ni ishara ya kusimamisha ukuaji wa msuli, na ikikosekana breki haipo. Gharama yake ni kwamba majike wengi wa aina hiyo huzaa kwa kupasuliwa. Dawa kadhaa za kuizuia mayostatini zilijaribiwa kwa watoto wenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, na hazikuleta nguvu iliyotarajiwa.

Duchenne ni mfano mchungu wa zamu isiyokwisha. Jeni ya distrofini, yenye vipande 79 vinavyosomwa, ikiharibika, utando wa uzi hauna nguzo na unachanika kwa kazi za kila siku. Kwa muda mrefu ilidhaniwa seli shina huchoka tu kwa kuitwa mara nyingi. Mwaka 2015 ilionekana kwamba zenyewe pia zinahitaji distrofini ili zijue upande wa juu na wa chini zinapogawanyika. Bila hiyo mapacha wasiofanana hawatoki sawasawa. Mvulana anayechelewa kutembea, anayeanguka mara kwa mara, mwenye misuli minene nyuma ya miguu chini ya magoti, na anayesimama kwa kujikwea mapaja yake kwa mikono, apelekwe hospitali kupimwa kimeng'enya cha CK kwenye damu. Kwa ugonjwa huu hupanda mara kumi hadi mia. Dawa za steroidi hazimponyi, ila humwongezea miaka ya kutembea.

Wanaoahidi kuponya misuli kwa sindano za seli shina waulizwe jambo moja: seli hizo zilioteshwa juu ya nini? Seli setilaiti huhisi ugumu wa mahali zilipo. Kwenye sahani ya plastiki, iliyo ngumu mara maelfu kuliko msuli, hupoteza ushina ndani ya siku chache. Juu ya jeli yenye ulaini wa msuli, takriban kilopaskali 12, hubaki na uwezo wa kujaza ghala. Nyingi zikidungwa hufa ndani ya siku chache, na zilizosalia hazisafiri mbali na tundu la sindano.

Chakula kinaingia kwenye hesabu hii kupitia ile njia ya mTORC1, ambayo huitikia asidi amino, hasa lusini. Anayejenga msuli anahitaji protini kati ya gramu 1.2 na 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 65 atafute gramu 78 hadi 104 kwa siku. Hakuna haja ya unga wa kopo. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa vina karibu gramu 30, vikombe viwili vya maziwa gramu 16, mayai mawili gramu 12, na ugali wa unga gramu 400 kama 30. Jumla 88. Maharage na mahindi vinasaidiana, kwani mahindi yana upungufu wa asidi amino nyingine, lisini, na maharage yanayo tele. Ni bora kugawa kwenye milo mitatu au minne kuliko kula yote usiku.

Dalili moja isisubiri kesho. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kola baada ya kazi nzito, ni mayoglobini kutoka kwenye nyuzi zilizokufa kwa wingi, na figo ziko hatarini.

Kwa anayejiandaa kupanda Rungwe, kinga ya kweli ni kushuka kabla ya kushuka. Msuli ulioumizwa kidogo mara moja hauumii vilevile mara ya pili, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Wiki moja au mbili kabla ya safari tafuta mteremko, ushuke dakika 20 kwa hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Paja litauma siku mbili. Liache liume.